Radi Ndani ya Santuri

Nilinunua santuri ya mkusanyiko wa bendi za zamani za ufukweni, zile za gitaa tupu bila mwimbaji. Niliiweka jikoni ilie, huku shangazi Delfina akikunja tamale, unga wa mahindi ndani ya maganda yake. Sebuleni Rudi, jirani yetu, alikuwa amekuja kuchukua gitaa la marehemu mjomba. Shangazi alishakubali kumpa, kwa kuwa nyumbani hakuna anayelipiga.

Wimbo wa tatu ulikuwa unakimbia vizuri, mara kikalia kishindo kama radi. Niliruka.

"Wameniuzia mbovu!" Nikanyoosha mkono niinue sindano.

"We, acha!" Shangazi alinishika kwa vidole vyenye unga. "Siyo mbovu. Hapo nimelipiga teke sanduku la mwangwi, lile la springi linaloungwa na gitaa."

"Nani kapiga?"

"Mimi. Tulikuwa tunalipiga teke ili lingurume. Siku hiyo nilivaa viatu vya kanisani, kidole kikavunjika."

Niligeuza jalada. Pichani mjomba ndiye aliyeshika gitaa, kati ya wavulana waliovaa makoti.

"Mbona ni mjomba?"

"Mjomba wako alikuwa dereva wetu. Kampuni haikutaka msichana kwenye picha."

Niliweka jalada mezani. Nimelelewa na mwanamke huyu, na sijawahi kumwona akigusa hata waya mmoja wa gitaa.

Rudi alisimama mlangoni mdomo wazi. "Doña Delfina, kumbe ni lako? Sasa mimi…?"

"Wewe utakula tamale, mwanangu, halafu utaenda mikono mitupu."

Akanawa unga, akaniambia nimletee gitaa.