Mashahidi wa Poti 8554

Jumapili saa kumi jioni Bosibori alivaa miwani, akaketi mbele ya kompyuta ya marehemu mumewe na kufungua mipangilio ya ruta ya intaneti. Bintiye Lavender, muuguzi huko Minneapolis, alikuwa akimwelekeza kwa simu. Kamera ilikwisha kufungwa kwenye mnara wa tangi la maji, ikitazama shamba la majani chai. Kulibaki kufungua poti 8554, njia ambayo mtu wa mbali angepitia kuona kinachoonwa na kamera.

"Kwa ukuta wa ulinzi weka anwani yangu pekee, mama."

"Hapa chini kuna 'Ruhusu wote'."

"Hiyo usiguse. Dunia nzima itaingia."

"Wacha iingie. Chifu anataka mashahidi, na wewe ni mtoto wangu. Atasema nimekufundisha."

Akabofya. Ruta ikazimika, ikawaka tena.

Shemeji yake Anyona alikuwa akisogeza mpaka kila Jumamosi ya Sabato, majirani wote wakiwa kanisani. Aling'oa mimea ya mpaka aliyoipanda baba yake mzazi, akaipanda upya mstari mmoja ndani ya chai ya Bosibori, akaimwagilia maji, akaenda zake kunywa uji. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa na jembe pia. Mistari tisa ilikuwa imekwenda. Ilibaki minne tu kufika kwenye kaburi la Haron, mume wa Bosibori. Chifu alishakataa picha: shahidi ni mtu aliyeona kwa macho yake, na siku ya Sabato huko mashambani juu ya mji wa Ekerenyo hapakuwa na mtu.

Sabato iliyofuata Bosibori alirudi kutoka kanisani akakuta watu kumi na saba wamesimama kwenye majani chai. Mmoja alivaa koti la theluji, wawili nguo za kulalia, na bibi mmoja alikuwa akifuma sweta. Walimweleza, kwa Kiswahili kama cha taarifa ya habari, kwamba wamepitia poti. Bosibori akaongeza maji kwenye sufuria.

"Mmemwona?"

"Tumemwona," alisema mwenye koti. "Ameng'oa mimea ishirini na mitatu. Amepumzika mara mbili."

Bosibori alilia kwa furaha hadi akaona haya. Tangu azikwe Haron, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ameona.

Jumatatu aliwapeleka kwa chifu. Walijaa ofisini hadi barazani. Chifu hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mtu wa fomu. Aliwauliza vitambulisho, ukoo na kijiji. Walipojibu poti 8554, aliandika hivyo kwenye nafasi ya kijiji.

"Mama Lavender, kesi ya mpaka inataka watu wa hapa," alisema. "Lakini wakitia sahihi, mimi nitajaribu."

Akawasogezea kalamu. Hakuna aliyeishika.

"Sisi huwa tunatazama tu," alisema mwenye koti, kwa upole kabisa.

Jioni Bosibori alirudi kwenye mipangilio, akaifunga poti. Haikusaidia kitu. Ukuta ule ulizuia waliokuwa wakija, na hawa walikuwa wameshaingia. Walilala kwenye chai, na asubuhi wakasimama palepale.

Anyona naye si mjinga. Alipojua kwamba hawatii sahihi, hakungoja tena Sabato. Alikuja Jumatano saa tatu, jua likiwaka, akawasalimia mmoja mmoja. Wakampisha. Aling'oa, akapanda, akasogea mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Bosibori alitoka jikoni mbio bila viatu, akasimama mbele ya kaburi, mikono ameitandaza. 

"Shemeji, huyu ni ndugu yako. Mlinyonya titi moja."

 Anyona alizunguka nyuma yake akaanza kuchimba mashimo upande wa pili wa kaburi. Bosibori akawageukia wale kumi na saba.

"Jameni, semeni kitu!"

Waliangaliana. Bibi wa sweta akaacha kufuma, akampungia mkono kwa adabu.

"Samahani, mama," alisema. "Hebu sogea kidogo. Hapo ulipo, hatuoni."