Shayiri Chini ya Sakafu

Bibi mzaa mama, Azzi, alinipa hadithi hii mwaka wa pili tangu tuliporudi kujenga Troya juu ya majivu yake. Tulikuwa tukichambua dengu. Alisema amechoka kuwasikia waimbaji wakidai kwamba vita vile vilikuwa vya mwanamke mrembo. "Aliyekuwamo ndani ya ukuta ni mimi," alisema. "Wao walizaliwa baadaye." Kisha akanisimulia habari za bibi yake, Lalanti.

Nyumba ya Lalanti ilikuwa imebandikwa ukutani kama kiota cha mbayuwayu. Watu wa mji wa chini walipokimbilia ngomeni, kila upenyo uligeuzwa chumba, na kila chumba kikachimbiwa mitungi sakafuni, midomo tu ikichungulia. Watu walilala juu ya chakula chao. Mitungi minne ya Lalanti ilikuwa mitupu. Wa tano ulibaki na shayiri nusu, na hiyo ndiyo iliyokuwa roho ya Azzi, mtoto wa miaka sita ambaye mbavu zake zilikwisha kuhesabika.

Baba wa mtoto, Wastiya, mwana pekee wa Lalanti, aliuawa bondeni siku kumi kabla ya kisa hiki, na maiti yake haikuonekana. Lalanti akafanya jambo asilomwambia mtu. Alichoma joho la mwanawe, akayatia majivu chunguni na kuyazika mbele ya majirani kana kwamba ndiye. Nyumba yenye mfu asiyezikwa ilikuwa najisi. Hakuna ambaye angechukua hata kaa la moto humo, wala mwimbaji asingethubutu kulitaja jina la mfu huyo. Naye Lalanti alitaka jina litajwe. Alilitaka kama mwenye kiu atakavyo maji.

Siku ya kisa chenyewe palikuwa na mapatano ya kusimamisha vita kwa muda, na wakubwa wa pande mbili walitarajiwa kula pamoja ikulu. Adhuhuri, Bwana Tarhuni wa ikulu aliinama mlangoni, nyuma yake kuhani na mwimbaji.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, bwana. Karibu, ukipata pa kukanyaga."

Tarhuni alicheka. Tumbo lake halikuwa na habari ya vita. "Tuna wageni. Mkate wa kiapo lazima uwe wa shayiri ya mji, na ya ikulu imekwisha."

"Imekwisha au imeliwa?"

"Mdomo huo, mama, tungeuweka juu ya ukuta Wagiriki wangeshakimbia. Toa shayiri. Na huyu hapa atalitia jina la mwanao katika wimbo wake."

Lalanti alimtazama Azzi, kisha mwimbaji. Moyo ulimwenda huku na huku. Mwishowe akapiga magoti, akasogeza jiwe lililofunika mtungi.

Hapo uso wake ukawa sawa na kiuno cha Tarhuni. Akauona mkanda aliomfumia Wastiya kwa mikono yake. Ulikuwa mwekundu, na penye ncha uzi mmoja ulikwenda kombo, pale Azzi mchanga alipovuta kitanda cha kufumia. Sasa ulikuwa umepakwa mafuta ya waridi. Chini ya waridi palinuka damu.

"Mkanda mzuri, bwana."

"Zawadi ya leo, ya mkubwa mmoja wa Kigiriki. Babu zetu walikaribishana, kwa hiyo sisi wawili hatupigani. Tukikutana vitani tunapishana. Wengine wa kuuawa si wapo tele?"

Lalanti akalirudisha jiwe mahali pake.

"Baba kuhani," alisema, "chungu nilichozika kina joho tupu. Mwanangu hakuzikwa. Nyumba hii ni najisi."

Kuhani alikusanya kanzu yake akarudi nyuma, akamkanyaga Azzi mguu.

"Unasema uongo kwa ajili ya ugali wa mtoto," Tarhuni alisema.

"Basi chukua, ukaile na rafiki yako."

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Unajua sitaweza kumtaja," mwimbaji alisema taratibu.

"Mtaje huyo mrembo wenu."

Walitoka. Upande wa pili wa ukuta wa chumba, majirani walikuwa wamesikia. Mkeka wao ukasikika ukiburutwa mbali.

Lalanti alisaga, akakanda, akaoka. Azzi alikula kwa mikono miwili.

"Bibi, vita ni vya yule mwanamke kweli?"

"Meli za Wagiriki zilikuwa zikingoja upepo kwenye ghuba yetu, na wakubwa wetu wakiwatoza hata maji ya kunywa. Wakagombana. Mwanamke alitafutwa baadaye."

"Kwa nini?"

"Wimbo wa ushuru haupendezi mezani."

Kutoka ikulu kilisikika kicheko cha lugha mbili. Azzi alisinzia, kipande cha mkate ngumini. Lalanti alimega chake, akakikuta kina ladha ya waridi la ule mkanda. Akatema, akasukutua, akamega tena. Safari hii alimeza, maana kesho palihitajika mtu wa kusaga. Kisha, jua likiwa bado limeshika ukuta, alijilaza akiipa ikulu mgongo, akalala.