Upande wa Kulia wa Jelagat

Mke wangu Jelagat ukimwita kutoka jikoni, ataenda kukutafuta nje kwa kuku. Si ubishi. Sikio lake la kushoto lilizimika mwaka jana baada ya homa kali, likakataa katakata kurudi. Sauti anazisikia vizuri tu, ila hajui zinatoka wapi.

Mimi ni Kabiru, nina duka hapa Yamumbi, nauza unga, sabuni na maneno. Kukimbia sikuwezi hata nikifukuzwa. Lakini nilioa mkimbiaji, na sikio la mkimbiaji ni kazi yake, kwa hiyo nilimpeleka kwa daktari mjini. Daktari alitueleza vizuri: sauti ikitoka kulia, hufika sikio la kulia mapema kidogo, tena kwa nguvu zaidi, maana kichwa chenyewe kinaikinga isifike upande wa pili. Ubongo hulinganisha masikio mawili, ndipo unajua mahali. Ukiwa na moja, hakuna cha kulinganisha.

Jioni hiyo nilimfunga macho kwa leso pale dukani, nikawa nazunguka nikigonga sufuria kwa kijiko. Nikigonga kushoto, anaonyesha kulia. Nikigonga nyuma, kulia. Nilicheka mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akasahau alichotumwa.

"Cheka tu, Baba Kim," Jelagat alisema, akiivua ile leso. "Kocha akijua, mimi nimerudi nyumbani."

Hapo nikaacha kucheka. Jelagat anafanya mazoezi katika kambi moja kule Kaptagat, na huko kuna sheria ambayo haikuandikwa popote lakini kila mtu anaijua: hugeuki nyuma. Anayegeuka amechoka. Wenzako wakiona shingo imezunguka, wanaongeza kasi palepale, nawe unaachwa. Sasa Jelagat akisikia viatu vinamkaribia barabarani, hajui mtu anakuja upande gani, basi anageuka huku, anageuka kule. Cate, mwenzake ambaye jicho lake halikosi kitu, akiiona ile shingo tu, huyo! Na kundi lote nyuma yake.

"Jelagat, umeisha," kocha Kiprono alimwambia mbele ya wote. Alimpa nafasi moja tu: Jumamosi wangekimbia mita elfu tano uwanjani mjini, na watakaomaliza mbele ndio wangebaki kambini.

"Si umwambie ukweli?" nilimuuliza.

"Nimwambie sisikii lori iko side gani? Ataniruhusu kwa barabara kweli?"

Tulinuniana kidogo. Kwetu kununiana hakuchukui muda, kwa sababu nikinyamaza mimi, duka linaonekana kama limefungwa.

Alhamisi aliingia dukani mbio, nikiwa napima sukari.

"Baba Kim, kwa uwanja tunazunguka tukipinda wapi?"

"Mimi nitajulia wapi?"

"Kushoto! Siku zote tunapinda kushoto. Sasa nikishika ile laini ya ndani nisiiachilie, huku kushoto ni nyasi tu. Mtu akitaka kunipita, atapitia wapi?"

Nilibaki na kijiko cha sukari hewani. "Kulia."

"Si ndio! Hii sikio inanidanganya kila mahali, lakini hapo itasema ukweli."

Nilifurahi hadi nikampa mteja sukari ya bure, jambo ambalo hawajalizoea hapa. Ila Jelagat alikuwa na neno moja zaidi.

"Na wewe usiniite. Wengine wakipiga kelele, wapige. Lakini nikisikia sauti yako nitakutafuta, najijua."

Kuniambia mimi ninyamaze uwanjani ni kama kumwambia jogoo aandike. Niliahidi hivyo hivyo.

Jumamosi jukwaa lilijaa. Mbio zilipoanza, Jelagat alikata mbele na kuishika laini ya ndani, akakaa hapo kama aliyebandikwa kwa gundi. Mizunguko ikapita. Mmoja mmoja waliachwa, mpaka nyuma yake akabaki Cate peke yake, karibu kabisa, macho yamekaza kwenye shingo ya mke wangu.

Nikaelewa anachongoja. Alikuwa na nguvu za kupita tangu mapema, ungeona hata wewe, lakini kambini walimfundisha kungoja shingo igeuke. Na shingo haikugeuka. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia. Cate bado anangoja. Mimi nilikuwa nimeingiza kofia mdomoni, naiuma, machozi yananitoka, na mama mmoja aliyekaa kando akaniuliza kama ninaugua.

Walipofika kona ya mwisho Cate alichoka kungoja akachomoka. Jelagat alimsikia. Nilimwona anamsikia: hakutazama popote, aliongeza tu hatua, kama mtu aliyeguswa bega la kulia. Cate akajaribu tena, lakini njia ilikuwa imekwisha. Mke wangu aliukata utepe yeye wa kwanza.

Nilishuka hadi kwenye ua wa uwanja na kumkuta kocha Kiprono amesimama mbele ya Jelagat.

"Leo hukugeuka," alisema.

Hapo Jelagat akamweleza yote, sikio, laini, nyasi. Kocha alikuna kidevu.

"Na umekaa na hiyo kitu mwaka mzima?" alisema. "Barabarani utakimbia kushoto kabisa, pembeni. Cate atakuwa kulia kwako. Lori ikikuja, atakushika mkono. Jumatatu usichelewe."

Cate, aliyekuwa ameinama akihema, aliinua kidole gumba. "Kumbe sio kuchoka! Mimi nilikuwa nangoja tu ugeuke," akasema, na wote wawili wakacheka.

Kocha alipoondoka nilitema kofia. Jina la mke wangu nilikuwa nimelimeza asubuhi nzima.

"Jelagaaat!"

Alitazama kulia, kwenye vyoo. Hakuniona, maana nilikuwa nyuma yake, upande wa kushoto. Ningeweza kupunga kofia, au kumwita tena, lakini nilitulia pale kwenye ua. Akaanza kuzunguka polepole, mwili mzima, akipita nyasi, jukwaa na watu wote, mpaka uso wake ukafika kwangu na kusimama hapo.