Mama wa Ubatizo wa Bembea

"Mama, bembea hii ni yako?"

Hakimu aliuliza kwa upole, akaiinua picha ili niione vizuri. Ilikuwa bembea ya kuzunguka ya kijijini kwetu, na ubavuni mwake jina langu kwa rangi nyeupe: Zoila Guamán. Binti yangu Nube alikaa karibu nami, mkono wa kulia ameuficha ndani ya shali. Vidole viwili vilikuwa vimekatika. Mimi ndiye niliyeshtaki, na sasa mimi ndiye niliyekuwa nikihojiwa.

Huku kwetu milimani kitu kipya hakianzi kazi bila kubatizwa. Iwe nyumba, iwe lori, hata magoli ya uwanja wa mpira, hupewa baba au mama wa ubatizo, padri akakinyunyizia maji, watu wakanywa pombe ya mahindi mpaka jua litue. Bembea ile tuliijenga kwa msaragambo. Huyu kaleta saruji, yule ekseli ya lori bovu, jirani yetu Abelardo, fundi wa vyuma, akachomelea. Siku ya kuizindua walinichagua mimi. Nilivaa sketi yangu ya sherehe, nikavunja chupa, nikaona fahari kwelikweli. Abelardo mwenyewe ndiye aliyeandika jina langu, huku akinitania: "Haya, mama Nube, mtoto huyu halii usiku wala hanyonyi. Umepata bahati!"

Hata mwaka haukuisha. Gololi ya Nube iliviringika chini ya bamba la chuma, naye akaingiza mkono kuifuata wenzake wakiwa bado wanazunguka. Pale chini palikuwa na mwanya.

Miaka mingi imepita na bado naamini sikutaka makuu. Nilitaka mtu mmoja tu aseme, "Ni mimi." Nilipita nyumba kwa nyumba, na kila mlango ulinipokea kwa huzuni ya kweli na sahani ya viazi vya moto. "Tuliijenga sote, mama Nube." Sote! Neno hilo nililipenda tangu utotoni, nikaanza kulichukia. Ndipo nikaishtaki halmashauri, maana uwanja ni wake.

Mwanasheria wa halmashauri, bwana mmoja nadhifu, hakumtukana mtu. Alisema halmashauri ilitoa ardhi tu, bembea haikuwahi kukabidhiwa, na kwamba alifika kijijini mwenyewe kuuliza ni ya nani.

"Wakakujibu nini?" hakimu akauliza.

"Walisema ina mama yake, mheshimiwa. Wakanionyesha jina."

Nyuma yangu majirani waliinamisha vichwa. Hawakuwa na hila yoyote. Mgeni aliuliza, nao wakamjibu kama tunavyojibu siku zote.

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakavuma. Ningeweza kukana. Lakini kama haikuwa yangu, basi haikuwa ya mtu, na watoto wangeipanda tena kesho yake.

"Ni yangu, mheshimiwa."

"Unaelewa kwamba kesi yako inaishia hapa?"

"Naelewa. Mwenye kitu anaruhusiwa kukivunja?"

Alifunga jalada. "Anaruhusiwa."

Niliazima spana kwa dereva wa basi lililoturudisha, na sikupitia nyumbani. Watu walinifuata hadi uwanjani.

"Jamani mama Nube, watoto watachezea nini?"

"Si tuizungushie kamba tu?"

Niliingiza spana. Nati ya kwanza ilikuwa imeshika kutu, mikono ikateleza, nikajikuta nalia mbele ya kijiji kizima, jambo ambalo sikulifanya hata hospitalini. Nilipoinua macho, Abelardo alikuwa amepiga magoti upande wa pili wa bembea.

"Niliuona," alisema.

"Uliona nini?"

"Ule mwanya. Siku ileile ya kuchomelea. Chuma kiliniishia, nikajisemea, aa, nani ataingiza mkono humu? Ni mimi, mama Nube. Usiwasikilize hawa wa sote, sote. Mimi."

Nilikuwa nimeapa kwamba siku nikilisikia hilo "Ni mimi" nitamzaba kofi aliyelisema. Nilimtazama uso wake, umezeeka ghafla. Nikasogea kidogo kwenye mpini wa spana, naye akapata pa kushika.