Mwaka Uliochongwa Mapema

Orpha alikuja dirishani kwangu mahakamani siku mbili baada ya sikukuu ya kusafisha makaburi. Kila Mei sisi watu wa milimani, huku Kentucky, tunawapelekea wafu wetu maua, kisha tunakula kuku wa kukaanga hapohapo makaburini.

"Shoga, Denzil kanitishia," akasema.

Denzil ni mumewe, wametengana tangu Krismasi. Kazi yake kuchonga mawe ya makaburi. Nikatoa fomu ya kuomba amri ya ulinzi. Miaka ishirini na sita nimeandika vitisho vya wilaya hii: nitakuua, nitakuchomea nyumba, nitamlisha mbwa wako sumu. Nilijiona bingwa.

"Haya, kasemaje?"

"Hajasema kitu."

"Orpha, acha utani! Hapa wanataka maneno yenyewe, kama yalivyomtoka mdomoni."

Akanionyesha picha kwenye simu. Jiwe lao. Kwetu mume na mke huchongewa jiwe moja wangali hai: majina mawili, miaka ya kuzaliwa, na nafasi tupu za miaka ya kufa. Kwa Denzil palikuwa patupu. Kwa Orpha palichongwa mwaka huuhuu, na vumbi la jiwe bado jeupe ndani ya tarakimu.

Nilielewa maana yake. Na bado, Mungu anisamehe, nikaandika: hakuna maneno yaliyotamkwa.

Denzil alikuja mbele ya hakimu na shati lililopigwa pasi. "Nilichanganya mawe, Mheshimiwa. Kazi ni nyingi."

"Mama, alikwambia atakudhuru?" hakimu akauliza.

"Hapana, lakini..."

"Kisheria tishio lazima liwe wazi."

"Mheshimiwa, babu zetu walipokuwa wanauana hapa, nani alitangaza? Mtu aliamka asubuhi akakuta jeneza tupu barazani, akabeba watoto akahama. Hakuuliza limesema nini!"

"Hayo ni ya zamani, mama." Ombi likakataliwa.

Nje kwenye ngazi Orpha akanishika mkono. "Kalamu ilikuwa yako, shoga. Si ungeandika tu kwamba naogopa?"

"Fomu haina nafasi ya hiyo," nikamjibu. Nilimjibu hivyo, tena kwa ukali, maana nilikuwa nimechelewa chakula cha mchana.

Denzil alimpiga risasi Septemba, Orpha akiwa anaanika nguo. Kaka yake Orpha alitaka kulivunja lile jiwe, mama yao akakataa, kwa kuwa kichanga cha Orpha kimezikwa palepale. Tukamzika Orpha chini ya jiwe hilohilo. Hapakuwa na cha kuongeza kwenye maandishi.

Kesi ya mauaji ilisikilizwa mahakamani kwetu. Mwendesha mashtaka aliinua ile picha ya jiwe, imechapishwa karatasini, akawaambia wazee wa baraza kwamba tishio lililo wazi kama hili hajapata kuliona. Wakili wa Denzil hakubisha. Hakuna aliyebisha.

Kisha mwendesha mashtaka akanipa mimi ile picha niigonge muhuri, kielelezo namba moja. Nikaigonga.