Miezi Thelathini na Moja

Jumatatu asubuhi Bi Pasi aliingia chumba cha kufulia nguo cha hospitali akamkuta Kapteni anakunja mashuka. Alisimama mlangoni, mkoba ungali begani, akadhani macho yanamchezea. Kapteni alikuwa amestaafu mwaka juzi. Walimuaga kwa soda na hotuba, wakampa saa ya ukutani, naye, aliyeziamrisha mashine zile kwa miaka ishirini na sita, alilia mbele ya kila mtu bila haya.

"Mzee, umekuja kutusalimia au kutukagua?"

"Nimekuja kibarua," Kapteni alijibu, macho yake yakiwa kwenye shuka. "Siku tatu kwa wiki. Nimeomba mwenyewe."

Bi Pasi akaenda kuwasha pasi yake. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu alimaliza kunyoosha koti la daktari wakati wengine bado wanaitafuta kola. Alikuwa na miaka arobaini na minne, mume fundi rangi, na mapacha wa kike walioko sekondari. Kuhusu uzee alikuwa na mpango mmoja tu, nao ulikuwa ni kutoufikiria.

Saa ya chai walikaa kwenye matenga ya nguo yaliyogeuzwa juu chini, na Kapteni akaanza mwenyewe kueleza kisa chake, maana aliona kila mtu anamtazama kwa pembeni.

"Watu wanasema nimeibiwa. Hakuna aliyeniibia. Kiinua mgongo chote nilinunua lori dogo, siku moja, bila kumpelekea fundi alitazame. Mashine za hapa nikisikia mlio tu najua kinachouma. Lori nilijua honi peke yake! Miezi minane, injini ikafa."

"Na pensheni ya kila mwezi?"

"Ipo, lakini nyembamba. Ikifika tarehe kumi na tano inaniaga." Wakacheka, yeye akacheka nao, kisha akamgeukia Bi Pasi. "Wewe mdogo wangu, umewahi kwenda kutazama michango yako?"

"Ya nini? Si wanakata kila mwezi? Naiona kwenye karatasi ya mshahara."

"Unaona inakatwa. Umeiona inafika?"

Swali hilo lilimganda Bi Pasi kichwani. Alinyoosha makoti kumi na mawili akiwa nalo, akalala nalo, akaamka nalo. Alhamisi akaomba ruhusa, akavaa gauni lake la kwenda ofisini kwa watu, akaenda ofisi za mfuko wa hifadhi ya jamii.

Dirisha namba nne alikaa dada mmoja wa miwani, mchangamfu, mwenye kuandika huku anaongea. Alichukua kitambulisho, akabonyeza, mashine ikatema karatasi tatu. Akazisogeza mbele ya Bi Pasi na kuzipitia kwa ncha ya kalamu, mwezi baada ya mwezi, hadi kalamu ikasimama.

"Mama, hapa ulikuwa umeacha kazi?"

"Sijaacha kazi hata siku moja. Hata mapacha nilijifungua, nikamaliza likizo, nikarudi."

"Basi kuna pengo. Miezi thelathini na moja, hakuna kitu."

Bi Pasi alihesabu kwa kidole. Ulikuwa ule wakati hospitali ilipompa mkandarasi kazi ya kufua. Karatasi za mshahara alizitoa mkandarasi, makato aliyafanya yeye. Alikata, akatia mfukoni.

"Pensheni inahesabiwa kwa miezi uliyochangia," yule dada alisema taratibu. "Miezi hii isipoingia, utakuja kupata pungufu kila mwezi hadi mwisho wa maisha yako. Lakini usikate tamaa, tunawadai waajiri wa namna hii. Niletee karatasi za mshahara za kipindi hicho."

Alirudi nyumbani mbio mbio, akavuta sanduku chini ya kitanda. Karatasi zake alizifunga kwa kamba tangu siku ya kwanza ya kazi. Kamba ilikuwepo. Karatasi hazikuwepo.

"Baba Mapacha!" aliita, na mumewe, aliyekuwa uani anaosha brashi, alijua kwa sauti ile kwamba kuna jambo. "Karatasi zangu ziko wapi?"

"Zipi?"

"Zilizokuwa sandukuni."

Mume alijikuna shingo. "Zile za zamani? Si nilitandika sakafuni nikipaka rangi ile nyumba ya mwalimu? Nilidhani takataka, mke wangu. Nyingine bado zimo kwenye mfuko wa vifaa."

Bi Pasi alikaa kitandani. Mumewe akaukimbilia mfuko, akaumwaga wote uani, na wakapiga magoti wawili wakatenganisha karatasi na magamba ya rangi. Za miezi ile ya mkandarasi zilipatikana kumi na tisa. Moja ilikuwa na alama ya kiatu, nyingine zilinyunyiziwa kijani kama zimeota ukungu, lakini majina na tarakimu vilisomeka.

"Bado kumi na mbili," alisema.

"Wenzako je? Si mlikatwa wote?"

Bi Pasi alimtazama mumewe, hasira ikampungua nusu. Kweli, alijifikiria peke yake siku nzima, kumbe ni chumba kizima cha kufulia.

Kesho yake aliwaeleza wenzake wote kazini, pasi zikifuka mvuke. Mmoja akasema mambo ya ofisini ni ya kumaliza soli za viatu bure. Kapteni ndiye aliyeweka shuka chini. "Mimi pia nilikuwepo enzi za mkandarasi," alisema. "Niliandikiwa pensheni yangu nikaweka sahihi bila kusoma. Ninazo karatasi zangu zote." Kisha wa pili akasema anazo tisa, na wa tatu akasema za kwake ziko kwa mama yake. Wiki ile kila mtu alipekua kabati lake. Walipoziunganisha, hakuna mwezi uliokosa ushahidi. Watu saba waliandika dai moja, wakaliwasilisha dirisha namba nne.

Kusubiri ndiko kulikochosha. Mkandarasi alisema kwanza hawafahamu, kisha akasema alishalipa, kisha akawa hapokei simu. Mkaguzi wa mfuko akaja na faili lake, akauliza maswali, akaondoka. Mwezi wa tatu wa kusubiri Bi Pasi alianza kujuta kuwatia watu matumaini.

Ni katika kusubiri huko mumewe alipokuja na habari zake. Kulikuwa na rafiki yake, na rafiki alikuwa na kikundi, na kikundi kilikuwa kinarudisha pesa maradufu baada ya siku arobaini. Mume alitaka kupeleka humo akiba yake ya kununulia ngazi mpya.

"Wanafanya biashara gani?" Bi Pasi aliuliza.

"Biashara tu. Ya mtandaoni."

"Muulize faida inatoka wapi. Hilo tu. Akikujibu ukaelewa, mimi simo, peleka."

Mume alikwenda, akarudi amenuna. Rafiki alimwambia kwamba watu wa maswali ndio hufa maskini. "Nimemuuliza kwa adabu," alisema, "akawa mkali kama nimemtukania mamake." Akainunua ngazi.

Mwezi wa tano, siku ya Jumanne, simu ya Bi Pasi ililia akiwa ameshika koti la upasuaji. Alikuwa yule dada wa dirisha namba nne. Mkandarasi amebanwa, amelipa, pamoja na faini. Miezi yote imeingia, ya watu wote saba. Bi Pasi alisahau pasi juu ya koti, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa akaunguza nguo ya daktari. Hakuna aliyemsema.

Pensheni ya Kapteni ilihesabiwa upya. Iliongezeka, ikawa sasa inavuka tarehe ishirini na tano, na malimbikizo ya miaka miwili akalipwa kwa mkupuo. Safari hii hakukimbilia duka la magari. Alimchukua Bi Pasi wakaenda pamoja kumuuliza yule dada.

"Weka kwanza ya dharura, matumizi ya miezi mitatu au minne, mahali pa kuchukulika haraka," aliwaambia. "Inayobaki, kuna mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Watu wengi mnachanga, wataalamu wanagawanya huku na huku, hatifungani, yaani kuikopesha serikali kwa riba, na hisa kidogo za makampuni. Unanunua vipande vya mfuko. Faida ukiiacha humo, nayo inazaa."

"Haishuki?" Kapteni aliuliza. Alikuwa ameshaumwa na lori.

"Inashuka, mzee. Kuna miezi utaangalia utauma meno. Kwa hiyo weka ile tu ambayo hutaihitaji kesho, na hakikisha mfuko una kibali."

Kapteni aliuliza maswali kumi na manne. Bi Pasi aliyahesabu. Wa nyuma yao kwenye foleni alikohoa mara tatu, na mzee hakugeuka. Yeye mwenyewe Bi Pasi alianza kwa kiasi kidogo, sawa na nauli yake ya wiki mbili, kila mshahara ukiingia. Mwezi wa pili thamani ikashuka. Aliuma meno, akaendelea.

Wa mwisho kushawishika alikuwa Baba Mapacha. "Mimi sina mwajiri," alisema miezi yote ile. "Nitastaafu siku nitakayoanguka." Lakini siku moja goti lilimshika katikati ya ngazi, akakaa juu robo saa akisubiri liachie, na juu pale alipata nafasi ya kufikiri. Ijumaa akaongozana na mkewe hadi ofisi za mfuko, shati limepigwa pasi hadi linasimama lenyewe.

"Kipato changu hakina tarehe," alimwambia dada wa dirishani, kama anayetoa onyo.

"Kuna uanachama wa hiari. Ukipata unalipa, hata kwa simu. Ukikosa mwezi, unaendelea ujao. Kazi yako niandike nini?"

"Fundi rangi."

"Na unatarajia kustaafu ukiwa na miaka mingapi?"

Hakuwahi kuulizwa hivyo maishani. Alimtazama mkewe, akatazama dari ya ofisi iliyobambuka rangi pembeni, akapiga hesabu angemaliza kuipaka kwa siku ngapi.

"Sitini," alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Andika sitini, dada. Nataka nikae chini nitazame wengine wakipanda ngazi."