Mfuko Chini ya Blanketi

Mimi ni mtu wa heshima, na heshima hiyo nusura iniue.

Kizazi changu kilikuwa kimeshuka kwa miaka ya kubeba vikapu vya majani chai, nikafanyiwa upasuaji wa kukirudisha. Upasuaji ulienda vizuri, ila mkojo uligoma kutoka. Daktari akaniacha na mpira wa kutoa mkojo, mfuko wake ukining'inia chini kando yangu, akasema nirudi baada ya wiki autoe. Nesi naye aliniagiza ninywe maji mengi, na mfuko usipande juu ya kiuno hata kidogo. Niliitikia kila neno, maana nilitaka tu kufika kwangu Boito.

Nyumbani nilikuta watu wa kanisa wamejaa sebuleni, mchungaji katikati yao. Jamani, ni nani atakaa mbele ya mchungaji na mkojo wake ukionekana? Niliulaza ule mfuko mapajani, nikaufunika na blanketi. Wakaomba, wakaimba, wakanywa chai. Mimi chai niliikataa, mfuko usije ukajaa wakiniangalia. Wageni waliendelea kuja kila siku, nami nikawa fundi wa kuficha.

Kisha tumbo la chini likaanza kuuma, nikawa natetemeka hata nikiota jua. Binti yangu Nelvine alisema ni baridi ya huku kwetu, akaniongezea blanketi la pili. Sikubisha, kwa sababu lilinisaidia kuficha mfuko.

Mume wa Nelvine, Kiplimo, huendesha gari la kubeba maziwa. Kwetu mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa mbali. Tukiongea, yeye huangalia ukuta na mimi huangalia jiko. Siku hiyo alisimama mlangoni kunijulia hali, akasikia meno yangu yakigongana. Aliangalia sakafu kando ya kiti changu, akatafuta kitu kwa macho huku na huku, kisha akaniangalia usoni kabisa.

“Mama, nisamehe. Hiyo mfuko ya mkojo iko wapi?”

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nelvine akamkemea, lakini Kiplimo hakuondoka. Alisema alimtunza babake akiwa na mpira kama huu, na kwamba mfuko ukikaa juu, mkojo hurudi ndani pamoja na uchafu wake.

“Kwa baba tulichelewa,” akasema.

Basi nikafunua blanketi. Mkojo ulikuwa kidogo, mzito, umechafuka kama maji ya mto baada ya mvua. Kiplimo hakugeuza uso. Alienda kuwasha gari.

Hospitalini hakuna aliyenigombeza, ingawa nilistahili. Daktari alisema maambukizi yalikuwa kwenye kibofu na yameanza safari ya kwenda kwenye figo. Walibadilisha mpira, wakanitundikia dawa, wakanikalisha huko mpaka homa ikashuka. Hapo ndipo wakautoa mpira, wakaniambia nijaribu mwenyewe. Nikishindwa, ungerudishwa, na hatari ingerudi nao.

Nilikunywa maji mpaka tumbo likajaa. Niliingia chooni nikafunga macho, nikamwomba Mungu jambo ambalo sijawahi kusikia likiombewa kanisani. Yakaja matone kwanza, halafu mkojo ukatoka wote. Nililia pale pale kwa shukrani, na sikujali nani ananisikia.

Nilipotoka, Nelvine alikuwa ameenda kuchukua dawa zangu. Kwenye korido alikuwepo Kiplimo peke yake. Aliponiona alisimama haraka na kugeukia dirisha, kama mkwe mwenye adabu. Nilienda nikasimama kati yake na dirisha.

“Kiplimo, nimekojoa,” nikamwambia. “Asante.”

Alijaribu kusema Mungu ni mwema. Alifika katikati sauti ikakatika, akajifuta macho na mkono wa koti, na mimi sikuangalia kwingine.